Mtoto Aliyetumwa Maji

Katika duka la uchapishaji la Mbogo, mjini Embu, kazi ya Lydiah ilikuwa kuwatengeneza marehemu. Ndivyo Mbogo mwenyewe alivyopenda kusema kwa utani, na utani huo haukumchekesha Lydiah hata siku moja. Wafiwa walikuja na picha mbili tatu zilizofifia, yeye akaketi nao kwenye benchi na kuwauliza marehemu alizaliwa wapi, alisomea wapi, alifunga ndoa kanisa gani. Kisha aliyapanga maisha yote ya mtu kwenye karatasi iliyokunjwa, picha mbele, nyimbo za ibada nyuma. Alikuwa hodari. Alijua kwamba mjane ukimuuliza mumewe alikuwa mtu wa namna gani atakuambia alikuwa mcha Mungu, lakini ukimuuliza alipenda chai ya namna gani, atafuta macho kwanza, ndipo aseme kweli. Watu walitoka Runyenjes na Siakago wakimuulizia msichana wa Mbogo.

Ndugu yake mwenyewe hakuwahi kuchapishiwa karatasi.

Lydiah alizaliwa Kiambere, katika nchi kavu ya Wambeere. Baba yake, Njura, alilima miraa ya muguka na ndengu, akafuga mbuzi na kutundika mizinga ya nyuki kwenye migunga. Mama yake aliitwa Celina. Waliobaki hai katika watoto wao walikuwa wawili tu, Lydiah na mdogo wake Munyi, na kati yao palikuwa na makaburi madogo nyuma ya nyumba ambayo hayakuzungumziwa. Boma lao lilikaa juu ya mwinuko, na chini yake lilitandaa bwawa la umeme. Njura alikuwa kijana mwenye ndevu tayari wakati mto Tana ulipozibwa na maji yakapanda yakameza malisho ya baba yake. Hakuwahi kuyazoea. Alisema mto una njia zake na mtu huweza kuzijua, lakini maji yaliyoletwa na watu hayana adabu.

Mwaka ule wa ukame mkubwa Lydiah alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, na Munyi alikuwa darasa la tano. Bwawa lilirudi nyuma likaacha uwanja mpana wa tope lililopasukapasuka, na ili kuyafikia maji ilibidi kulivuka tope hilo. Jioni moja Munyi aliteremka na mbuzi, amebeba mtungi wa plastiki mgongoni. Mbuzi walirudi peke yao.

Lydiah aliitwa kutoka darasani akapelekwa nyumbani na mwalimu. Aliwakuta wanaume wakichokora maji kwa miti mirefu, baba yake mbele yao, maji yamemfika kifuani, akikataa kutoka. Mtungi ulikuwa umeonekana ukielea karibu na matete. Pembeni mwa maji, kwenye tope, palikuwa na mburuzo mpana kama wa mtu aliyekokota gunia, na wazee waliokuwapo waliutazama mara moja tu kisha wakatazama pengine. Mtoto hakuonekana siku ile wala baadaye. Pasta alikuja akaomba uani pasipo jeneza, na waumini hawakujua waanzishe wimbo gani, wa kuzika au wa kumwombea aliyepotea, kwa sababu Celina alikuwa bado hajakubali ni lipi kati ya hayo mawili lililompata mwanawe.

Tangu hapo nyumba ilifunga mdomo. Hakuna aliyesimulia siku ile ilivyokwenda. Lydiah aliuliza mara moja, wakati wa likizo ya Desemba. Baba yake aliinuka akaenda kukagua mizinga. Mama yake aliendelea kuchambua kunde kama vile swali limeulizwa nyumba ya jirani. Hakuuliza tena. Alimaliza shule, akaenda Embu kujifunza kompyuta, akapata kazi kwa Mbogo, na kila alipokwenda nyumbani alimkuta mama yake amepungua kidogo, si mwili, ila maneno. Celina aliyekuwa akiwaita watoto kwa sauti iliyovuka bonde sasa alizungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Mlango wa pili kutoka duka la Mbogo palikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, na mwenye kibanda alikuwa kijana wa Ruiri aitwaye Kinoti. Alikuwa mrefu na mpole, na mezani kwake simu zilizofunguliwa zilikuwa zimetawanyika kama samaki waliopasuliwa. Wateja walipokosekana, Kinoti alitunga michezo ya kompyuta. Haikuwa michezo ya risasi wala ya magari. Ilikuwa midogo, ya mtu mmoja au wawili kutengeneza, na ndani yake hapakuwa na kushinda wala kushindwa. Unamtembeza mtu kutoka mahali hadi mahali, unaongea na anaokutana nao, unaokota kitu hapa na kukitumia kule, na hadithi inajifungua kadiri unavyotembea. Siku moja alimwonyesha Lydiah mmoja alioutunga, wa mzee anayetafuta ng'ombe wake kwenye ukungu wa miteremko ya Mlima Kenya. Lydiah alicheza akasahau chakula cha mchana.

Jambo moja lilimgusa kuliko mengine. Katika karatasi zake za msibani kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mtu alizaliwa, akasoma, akaoa, akaugua, basi. Lakini katika mchezo ule, alipouacha mzee njiani na kwenda kumhudumia mteja, aliporudi alimkuta mzee bado amesimama palepale kwenye ukungu, akipumua, akimngoja.

Wiki ile ile alimwambia Kinoti kwamba ana hadithi.

Waliifanyia kazi kwa muda mrefu, saa za chakula na Jumamosi alasiri. Lydiah alichora, Kinoti akaandika programu. Alichora boma lao lote. Jiko la udongo lenye mwanga wa moshi, kibao cha kukalia kilichopasuka, mbuzi mweupe mwenye sikio moja lililokatika, njia inayoshuka kati ya miiba hadi kwenye majabali, kisha tope, kisha maji. Alipokwenda nyumbani Jumapili alipita akitazama vitu kwa jicho la mpimaji, na mama yake akamuuliza mara moja kama amepoteza kitu. Alisema hapana. Hakuwaambia wazazi wake chochote. Alijiambia kwamba atawaonyesha kikiwa tayari, lakini kwa kweli aliogopa neno lenyewe. Angewaambiaje kwamba anatengeneza mchezo, na mchezo wenyewe ni juu ya Munyi? Katika Kimbeere, kama katika Kiswahili, mchezo ni mchezo.

Mtoto wa kwenye mchezo hakumpa jina. Alimpa shati la buluu, mguu mwembamba na namna ya kuruka badala ya kutembea.

Tatizo lilikuja mwanzoni kabisa mwa hadithi. Boma lilikuwa zuri, mbuzi walilia, moshi ulipanda, na mtoto alisimama uani bila sababu ya kwenda popote. Kinoti alilitazama akakuna kidevu.

"Mtu hatoki nyumbani bure," alisema. "Lazima atumwe, au afukuzwe, au apotelewe na kitu. Bila hivyo hii ni picha tu, Lydiah, si hadithi."

Lydiah hakufikiri sana. Nani humtuma mtoto? Aliandika maneno machache, akajifungia katika stoo ya Mbogo katikati ya marobota ya karatasi, akayasema kwenye simu kwa Kimbeere, kwa sauti ya mama yake ya zamani. Haikumpa shida kuipata sauti hiyo. Watu walikuwa wamemwambia tangu utotoni kwamba akiita kutoka mbali, hajulikani kama ni yeye au ni Celina. Chini ya picha waliandika maneno yale kwa Kiswahili: *Mwanangu, mbuzi hawajanywa. Hebu kimbia ukawanyweshe, uniletee na maji kabla jua halijatua.* Mtoto aliposikia aligeuka, akachukua mtungi, na mchezo ukaanza kwenda.

Safari yenyewe ilikuwa ya kupendeza, na hapo ndipo ukatili wake ulipokuwa. Mchezaji angeweza kupita kwenye miiba au kwenye majabali. Angeweza kusimama kumsalimia bibi anayechoma makaa, au kumfuata ndege wa asali hadi kwenye mzinga, au kumtafuta mbuzi aliyepotea. Angeweza kufanya mambo mengi, na kila moja lilifungua kijisehemu cha maisha ya mtoto yule, anachokipenda, anachokiogopa, wimbo anaouimba vibaya. Lakini njia zote ziliishia kwenye maji. Hapo picha ilitulia, mbuzi wakageuka wakapanda kilima peke yao, na mtungi ukabaki ukielea.

Waliwapa watu wachache waujaribu. Binamu yake Kinoti, msichana aitwaye Mukiri, aliurudia mara nyingi sana akitafuta njia ya kumrudisha mtoto nyumbani, kisha akauliza kwa hasira iko wapi. Kinoti naye alianza kuomba. Alisema wachezaji wanahitaji mlango mmoja, hata uwe mdogo, hata uwe wa kufichwa, ambapo wakifanya kila kitu sawasawa mtoto atapona. Ndivyo michezo ilivyo. Ukimpa mtu uchaguzi, uchaguzi wake uwe na maana.

Lydiah alikataa. Alisema akiweka mlango huo, kila atakayeshindwa kuupata atadhani mtoto amekufa kwa kosa lake.

Kinoti hakuomba tena.

Mchezo ulipowekwa kwenye mtandao haukuvuma, lakini ulitembea. Watu wasiowajua waliandika kwamba wamelia. Ukachaguliwa kwa maonyesho madogo Nairobi, na mtangazaji mmoja wa redio ya lugha za huku kwetu akapata habari, akatangaza asubuhi moja kwamba binti wa Kiambere ametunga mchezo wa kompyuta kuhusu mtoto aliyepotelea bwawani. Alisema kwa sifa. Lakini redio ile husikika kwenye kila boma, wakati wanawake wanawasha moto.

Jioni hiyo baba yake alimpigia simu. Njura hakuwa mtu wa simu. Aliishika mbali na sikio na kuongea kama anayempigia kelele mtu ng'ambo ya mto. Safari hii alizungumza chini. Alisema mama yake amerudi kutoka kanisani, mkutano wa akina mama, na kuna mama mmoja amemwambia mbele ya wengine kwamba binti yake amemfanya Munyi mchezo. Alimwambia Lydiah aje nyumbani, na aje na kitu hicho.

Alikwenda Jumamosi. Njia nzima alipanga maneno. Angewaeleza kwamba mchezo huu si wa kucheka, kwamba ni namna ya kusimulia, kwamba wasimulizi wa zamani walikuwa wakiwauliza wasikilizaji waitikie, na huku pia mtu huitikia, kwa mkono. Alipofika, maneno yote hayo aliyaona mepesi. Mama yake alimpokea, akampa uji, akaketi nje akipepeta ndengu kwa ungo, mgongo wake ukielekea mlangoni. Hakuuliza lolote.

Baba yake alitaka kuona. Lydiah aliweka kompyuta juu ya meza ya sebuleni, akaifungua, akamwonyesha namna ya kubofya. Lile boma lilipotokea, Njura alisogeza kiti. Alitazama kwa muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha akaanza kuwatambua mbuzi. Huyu ni yule tuliyemnunua Kiritiri, alisema. Huyu aliliwa na fisi. Akacheka kwa pumzi alipomwona yule mwenye sikio lililokatika. Alimsogeza mtoto kidogo, akamrudisha, akamsogeza tena, na Lydiah aliona uso wa baba yake umelegea kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu alipokuwa msichana wa shule. Alifikiri, labda sikukosea. Labda ndivyo kitu hiki kinavyopaswa kufanya kazi.

Ndipo mashine ikaita, kwa Kimbeere, kwa sauti ya Celina wa zamani. Mwanangu, mbuzi hawajanywa.

Nje, ungo ulinyamaza.

Celina aliingia akasimama mlangoni. Alikuwa bado ameushika ungo, na ndengu zilikuwa zikidondoka kwenye ukingo wake moja moja, naye haoni. Hakuitazama kompyuta. Alimtazama mumewe.

"Ulimwambia," alisema.

"Sikumwambia," Njura alijibu. "Mbele za Mungu, Mama Lydiah, sijawahi kulitaja."

Lydiah aliwatazama wote wawili asielewe, kisha akaelewa, na alipoelewa ilikuwa kama mtu aliyekanyaga pasipo na ngazi. Alisema haraka kwamba hakuambiwa na mtu. Alisema amejitungia. Alisema hadithi ilihitaji mtu wa kumtuma mtoto, ndipo akaandika hivyo, yangeweza kuwa maneno yoyote.

Mama yake aliweka ungo chini kwa uangalifu.

"Ni hayo hayo," alisema. "Hata la jua kutua."

Kisha akasimulia, amesimama palepale, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na lilikuwa jambo ambalo watu wawili walikuwa wamelikalia miaka yote hiyo katika nyumba ile ndogo. Wiki ile mamba alikuwa ameonekana. Chifu alikuwa ametuma habari kwamba watoto wasiteremke. Njura mwenyewe, kabla ya kwenda shambani, alikuwa amesema mbuzi wakae na kiu mpaka arudi, atawanywesha yeye. Lakini alichelewa, na mbuzi walilia alasiri nzima, na hapakuwa na tone la kupikia.

"Nilikuwa nimechoka," Celina alisema. "Hakuna lingine. Munyi aliniambia baba amekataa. Nikamwambia akimbie."

Alimwambia Njura usiku ule ule wa msiba, mara moja, naye Njura akamjibu kwamba halitatoka katika kinywa chake. Halikutoka. Ila hakulitaja hata kumwambia Celina kwamba amemsamehe.

Hakuna aliyelia. Celina alitoka akaokota ndengu zilizomwagika, zote, hadi za chini ya kizingiti. Siku iliyofuata hakwenda kanisani. Na kabla wiki haijaisha alifunga nguo zake katika leso, akapanda gari kwenda Mitunguu kwa dada yake Beth, aliyeolewa huko na Mmeru mwenye shamba la ndizi. Alimwambia Njura anakwenda kumsaidia dada yake kazi. Njura alimsindikiza hadi stendi, akambebea mzigo. Baadaye alimwambia Lydiah kwamba njia nzima alitafuta neno la kumwambia, na kila neno alilolipata liliona haya kwa sababu limechelewa.

Lydiah alirudi Embu akamwomba Kinoti autoe mchezo mtandaoni. Kinoti aliutoa siku hiyo hiyo bila kubisha, ingawa yalikuwa mambo mazuri ya kwanza kumjia maishani na watu wa Nairobi walikuwa wamemwandikia. Nakala zilizokuwa zimekwisha chukuliwa hazingeweza kurudishwa. Mahali fulani, kwenye simu za watu wasiomjua Celina, sauti ile iliendelea kumtuma mtoto.

Kwa miezi kadhaa Lydiah alijaribu kuurekebisha. Aliifuta sauti. Mtoto akabaki amesimama uani, mtungi kando yake, na hadithi haikuondoka. Akajaribu kumfanya mtoto aende mwenyewe kwa kuwahurumia mbuzi, lakini alipoutazama aliona amemtwisha Munyi lawama ya kifo chake. Akajaribu kumtumia baba. Huo ulikuwa uongo, na mtu mwingine tena wa kuumizwa. Akajaribu jirani, akajaribu mwalimu. Kila aliyemweka pale alitoka amechafuka. Alimwambia Kinoti kwamba hakujua, wakati anaandika, kwamba mtu anayeianzisha hadithi hubeba mwisho wake.

Njura ndiye aliyeutaka mchezo ule usiokwenda. Lydiah alikuwa nyumbani kumpikia, kompyuta iko wazi mezani, na baba yake akamwona mtoto amesimama uani bila kuitwa. Aliuliza kwa nini sasa haitwi. Lydiah akamweleza kwamba ameondoa sauti, na kwamba bila sauti mchezo haufanyi kitu, umeharibika.

"Basi niachie huu," baba yake alisema.

Kinoti aliposikia alishangaa, akasema huo si mchezo, hauna hadithi ndani yake. Lydiah akamwambia amwekee hivyo hivyo. Waliuweka kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa imetupwa dukani, Lydiah akaipeleka Kiambere. Njura aliiwasha kila jioni baada ya kufunga mbuzi. Mtoto wa shati la buluu alitembea uani, akamkaribia huyu mbuzi, akamkaribia yule, akaketi kwenye kibao kilichopasuka, akainuka. Hakuna aliyemwita. Njura alimtembeza hivyo hadi alipochoka, kisha akazima, akalala. Lydiah alimwona akifanya hivyo mara moja, akatoka nje akakaa gizani peke yake, kwa sababu hakujua kama amempa baba yake dawa au sumu.

Aliahirisha kwenda Mitunguu mpaka hapakuwa tena na sababu ya kuahirisha. Alipitia Chuka siku ya mvua nyepesi, akamkuta mama yake kwenye mfereji wa umwagiliaji, miguu peku, akifungua maji kwa jembe kuelekea migomba. Celina alikuwa amekonda lakini mikono yake ilikuwa na nguvu. Beth aliwaletea chai shambani, akawaacha.

Lydiah aliomba msamaha. Alirudia kwamba hakuwa anajua, kwamba alitunga tu.

"Najua," mama yake alisema. "Nilimsingizia baba yako, na nimemtumia salamu kwamba nilikosea. Lakini kama hukuambiwa na mtu, basi uliambiwa na Mungu. Hilo ndilo gumu zaidi."

"Maitu, mama yangu, si Mungu. Kila mama humtuma mtoto maji. Ndiyo maana niliandika hivyo."

"Kila mama humtuma," Celina alisema. "Na wa kila mama hurudi."

Maji yalijaza mtaro mmoja, Celina akauziba kwa udongo, akafungua mwingine. Baadaye, bila kumtazama, aliuliza mtoto yule wa kwenye mashine akishatumwa anafanya nini. Alisema hakungoja kuona. Alitaka kujua anapita njia gani.

Lydiah hakuwa na kompyuta. Alimsimulia kwa mdomo. Alisema anashuka anaruka, anapita kwenye majabali kwa sababu miiba inamchoma, anamsalimia bibi wa makaa, anamfuata ndege wa asali halafu anakumbuka kazi aliyotumwa. Anaimba. Mama yake alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Lydiah alipofika kwenye shati la buluu, mama yake alimkatiza.

"Halikuwa la buluu," alisema. "Alikuwa na sweta ya shule. Nilimwambia aivue isichafuke, akasema atarudi mara moja."

Akaendelea kutoka hapo yeye mwenyewe, kidogo, kwa vipande. Kwamba alikuwa na kipande cha mhogo mkononi, kwamba alimchokoza mbuzi kwa kijiti, kwamba alipofika kwenye kona ya njia aligeuka akasema neno ambalo mbuzi walilifunika kwa kelele zao, na mpaka leo hakulijua. Lydiah alisikiliza kama alivyowasikiliza wafiwa wote, ila hakuwa na kalamu wala hakuwa na swali. Alipofika kwenye neno lile lililopotea, Celina aliishia hapo. Aliinama akarudi kwenye maji yake.

Celina hakurudi kuishi Kiambere mwaka huo, wala uliofuata. Alikwenda Krismasi, akakaa siku chache, akapika, akalala katika chumba kilichokuwa cha watoto, kisha akapanda gari la Mitunguu. Yeye na Njura hawakuachana, na hawakuishi pamoja. Kinoti alipata kazi kwenye kampuni ya michezo Nairobi akaondoka, na mara mojamoja alimwandikia Lydiah kumuuliza kama ana hadithi nyingine. Lydiah alimjibu kwamba bado.

Aliendelea kwenda huku na huku kati ya wazazi wake. Kutoka Kiambere alipeleka asali ya baba yake, kutoka Mitunguu alirudi na ndizi. Safari ya mwisho ya mwaka, Celina alipokea chupa ya asali, akaifuta vumbi kwa ncha ya leso, akauliza kama kifua cha Njura kimepona. Lydiah alisema bado anakohoa asubuhi. Mama yake aliitia asali rafuni, nyuma ya unga, akasema amwambie aache kushinda kwenye moshi wa mizinga. Kisha akauliza barabara ya Kiambere ilikuwaje, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha.